Mafuta ya nta ya Tabora kwa mikono yenye ukurutu: ni mazuri, lakini hayaui bakteria

Makopo madogo ya mafuta ya nta ya nyuki yameenea siku hizi katika maduka ya asali hapa Tabora mjini, na mengi yanauzwa kwa ahadi moja: kwamba yanaua bakteria wa ngozi na kwa hiyo yanaponya ukurutu wa mikono, ugonjwa ambao watu wengi wanauita pumu ya ngozi. Mimi ninafanya kazi ya maabara, kazi inayomlazimu mtu kunawa mikono tangu asubuhi hadi jioni, na nina ukurutu wa mikono tangu nilipokuwa chuoni. Nimeyatumia mafuta haya kiangazi chote kilichopita. Ninayasifu, na nitaendelea kuyanunua. Ahadi iliyobandikwa kwenye kopo, hata hivyo, si ya kweli, na kwa kuwa mgonjwa anayeiamini anaweza kuacha tiba anayoihitaji, nimeona vema nieleze kwa kirefu mambo yanayotokea kati ya mafuta, ngozi na bakteria.

Kopo nililonunua ni la bati, la gramu 50, kwa bei ya shilingi 5,000, na kibandiko chake kinataja viungo vitatu: nta, mafuta ya alizeti na asali. Ukilifungua asubuhi ya Julai, wakati baridi ya Tabora bado haijaondoka, mafuta yamekaza kiasi kwamba kidole hakizami; inabidi uyakwangue kwa mpini wa kijiko kisha uyasugue viganjani mpaka yalegee. Hilo ni jambo la kawaida, kwani nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi joto 62 hadi 64 hivi, na bila mafuta ya alizeti joto la mwili lisingetosha kuiyeyusha. Harufu yake ni ya mzinga wenyewe: moshi kidogo, na utamu wa maua ya miombo. Chini ya kopo nilikuta tone la asali lililojitenga na mafuta, na ndani ya mafuta kulikuwa na chembe ndogo za rangi ya kahawia. Tone hilo na chembe hizo nitazirudia, kwa sababu ndizo zinazoamua nani atumie mafuta haya na nani ayaache.

Kwanza ugonjwa wenyewe. Kwa wengi wetu ukurutu wa mikono hauanzi na bakteria, bali huanza pale tabaka la juu la ngozi linapoharibika. Kiganja cha mkono hakina tezi za mafuta, tofauti na uso au mgongo, kwa hiyo unyevu wake hulindwa na mafuta machache yaliyo katikati ya seli zilizokufa za tabaka la juu. Ngozi yenye afya ina uchachu kidogo, pH ya karibu 5 (pH ni kipimo cha uchachu: namba ikipanda, uchachu umepungua), ilhali sabuni ya kweli, iwe ya mche au ya kipande, ina pH ya 9 hadi 10. Kila unapoosha mikono kwa sabuni hiyo, sehemu ya mafuta yale huondoka na uchachu hupungua kwa muda. Ngozi hujirekebisha yenyewe, lakini inahitaji muda ambao mwenye kazi ya maji hana. Madaktari wa ngozi huhesabu kuwa mtu ana kazi ya maji ikiwa mikono yake inalowa kwa zaidi ya saa 2 kwa siku, au inakaa ndani ya glavu za mpira kwa muda kama huo, au inaoshwa zaidi ya mara 20. Kwa kipimo hicho wamo wauguzi, mama lishe wa stendi, wasusi, mafundi gereji na mama yeyote mwenye mtoto mchanga. Wapo pia waliozaliwa na upungufu wa filagrini, protini inayoipa ngozi uimara na unyevu. Mwaka 2006 ilibainika kwamba hitilafu katika jeni ya protini hiyo humwongezea mtu uwezekano wa kupata ukurutu. Ongeza hapo upepo mkavu wa Agosti na Septemba katika mji wetu, na utaelewa kwa nini vidole vinapasuka hata kwa mtu asiyegusa dawa yoyote kali.

Ngozi ikishapasuka, ndipo habari ya bakteria inapoanza. Mikono yetu haijawahi kuwa mitupu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado waliopima viganja vya wanafunzi 51 na kuchapisha matokeo yao mwaka 2008 walikuta wastani wa zaidi ya aina 150 za bakteria katika kiganja kimoja, na mkono wa kulia na wa kushoto wa mtu yuleyule ilishirikiana asilimia 17 tu ya aina hizo. Wengi wa wakazi hao hawana madhara. Mmojawapo, Staphylococcus epidermidis, ni msaada wa kweli: baadhi ya jamii zake hutoa vijiprotini vinavyomzuia ndugu yake mkorofi, Staphylococcus aureus, asistawi. Huyu wa pili ndiye anayehusika na majipu, vidonda vyenye usaha na maambukizi mengi ya ngozi, ingawa hukaa kimya puani mwa takribani mtu mmoja kati ya watatu au wanne bila kumdhuru.

Huyo stafilokoka mkorofi anaipenda ngozi yenye ukurutu. Uchachu umepungua, unyevu unavuja, na ndani ya nyufa mna protini anazoweza kujishikiza nazo. Utafiti uliofanyika Denmark na kuchapishwa mwaka 2009 ulimkuta mikononi mwa karibu nusu ya wagonjwa wa ukurutu wa mikono, na wale waliokuwa naye walikuwa na ugonjwa mkali zaidi kuliko wasiokuwa naye. Akishafika hakai bure: hutoa vimeng'enya vinavyokata viunganishi vya seli za ngozi, na sumu zinazoichokoza kinga ya mwili hata izidishe uvimbe na mwasho. Mgonjwa hujikuna, ngozi hupasuka zaidi, na stafilokoka hupata nafasi kubwa zaidi. Kwa hiyo wauzaji wa mafuta hawakosei wanapomtaja bakteria. Wanakosea wanapodhani kwamba yeye ndiye chanzo, na kwamba kumuua ndiyo dawa.

Nilikuwa na nafasi ya kuliona jambo hili kwa macho. Kabla ya kuanza kutumia mafuta, mikono yangu ikiwa katika hali mbaya, nilipitisha pamba ya sampuli kwenye nyufa za kidole gumba na kuipaka kwenye sahani ya kuoteshea bakteria yenye damu. Kesho yake palikuwa na makundi ya mviringo, laini, yenye rangi ya manjano hafifu, kila moja likizungukwa na duara jeupe mahali ambapo damu ilikuwa imeyeyushwa. Nilidondoshea haidrojeni peroksaidi, ikatoa povu mara moja. Nikachanganya na plazma, yaani maji ya damu, ikaganda. Kwa mtu wa maabara, hayo yanatosha kumtambua Staphylococcus aureus. Kiangazi kilipokuwa kinaelekea ukingoni, nyufa zikiwa zimefunga, niliotesha tena kutoka mahali palepale, na makundi ya manjano yalikuwa machache, yakizidiwa na yale meupe ya wakazi wa kawaida. Jozi moja ya mikono haithibitishi kitu, na katika muda huo sikutumia mafuta peke yake. Hata hivyo, nilichokiona kinakubaliana na kinachojulikana: ngozi ikitengemaa, stafilokoka hupungua bila kupigwa na dawa ya kumuua.

Sasa turudi kwenye lile tone la asali. Muuzaji aliponipa kopo aliniambia kwa uhakika kabisa, "Dada, hii ina asali ya nyuki wakubwa, haiachi kidudu hata kimoja." Asali kweli hupambana na bakteria, nasi watu wa Tabora tuna haki ya kujivunia hilo. Ina sukari nyingi inayowanyonya maji, ina uchachu, na ina kimeng'enya ambacho nyuki hukitia wenyewe, kinachotengeneza haidrojeni peroksaidi kidogokidogo. Tatizo ni kwamba kimeng'enya hicho hufanya kazi vizuri pale asali inapochanganyika na maji, na ndani ya nta na mafuta ya alizeti hakuna maji. Asali haiyeyuki humo. Hubaki matone matone, au huzama chini kama nilivyoikuta. Kiasi kinachofika kwenye ngozi ni kidogo mno, tena kimefunikwa na nta. Siwezi kukitegemea kiue kitu chochote, na nta yenyewe haina nguvu ya maana ya kuua stafilokoka mkononi. Kwa ajili ya mwasho na uvimbe wa ukurutu, asali iliyomo kwenye kopo hili ni pambo.

Basi mafuta haya yanafaa kwa lipi? Yanafaa kwa kufunga. Nta hutandaza utando mwembamba unaozuia maji ya ngozi yasipotee, na utando huo unashikilia kuliko losheni yoyote niliyowahi kujaribu. Nikijipaka usiku, baada ya kunawa kwa maji ya uvuguvugu na kukausha mikono bila kuisugua, kisha nikavaa soksi za pamba viganjani, asubuhi ngozi huwa imelainika na nyufa haziumi ninapokunja vidole. Kwenye kidole gumba, mahali ambapo ufa wangu hurudi kila mwaka, hakuna kilichonisaidia zaidi. Mchana hali ni tofauti. Mafuta ni mazito, yanaacha alama kwenye karatasi, kwenye simu na kwenye vioo vya hadubini, na mtu mwenye kazi yangu hawezi kuyapaka kati ya sampuli moja na nyingine. Pia hayapaswi kuvaliwa chini ya glavu za mpira wa asili, kwa kuwa mafuta huudhoofisha mpira huo.

Mchana mimi hutumia kitakasa mikono cha alkoholi badala ya sabuni pale ambapo mikono haina uchafu unaoonekana. Wengi hushangaa nikisema hivyo, kwa sababu alkoholi inachoma kwenye ufa ulio wazi, lakini kwa ngozi isiyo na vidonda huikausha kidogo kuliko sabuni. Kile kinachotengenezwa kwa kanuni ya Shirika la Afya Duniani kina ethanoli asilimia 80 pamoja na gliserini asilimia 1.45 ya kulinda ngozi. Sabuni zenye maandishi ya kuua vijidudu siziungi mkono kabisa. Mwaka 2016 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilipiga marufuku triklosani na viambato vingine 18 katika sabuni za kunawia za matumizi ya nyumbani, baada ya watengenezaji kushindwa kuonyesha kwamba ni salama kwa matumizi ya kila siku ya muda mrefu na kwamba zinafanya kazi kuliko sabuni ya kawaida na maji.

Zile chembe za kahawia ndizo zinazonitia wasiwasi zaidi. Ni gundi ya nyuki, yaani propolisi, utomvu ambao nyuki huukusanya kwenye miti na kuzibia nyufa za mzinga. Nta isipochujwa vizuri hubaki nayo. Kwa watu wengi haina shida, lakini ni miongoni mwa vitu vinavyojulikana sana kwa kusababisha mzio wa ngozi, kiasi kwamba madaktari wa ngozi barani Ulaya huipima kwa kuibandika kwenye ngozi ya mgonjwa wanapotafuta chanzo cha ukurutu. Mtu akipata mzio wa aina hiyo, mafuta anayojipaka ili apone ndiyo yatakayomzidishia ugonjwa, na kwa kuwa mzio wa kugusa hujitokeza baada ya siku moja au mbili, ni rahisi kuisingizia sabuni au chakula. Ushauri wangu ni kujipaka kidogo sehemu ya ndani ya mkono, karibu na kiwiko, asubuhi na jioni kwa wiki moja, kabla ya kuyaleta kwenye ngozi iliyopasuka. Lipo pia kopo la rangi ya waridi lenye manukato, na hilo sishauri lipakwe kwenye ukurutu hata kidogo, kwani manukato nayo ni chanzo mashuhuri cha mzio, tena hayana faida yoyote kwa ngozi.

Jirani yangu, mama lishe ambaye vidole vyake vimeungua kwa sabuni ya unga na pilipili kwa miaka mingi, alipoliona kopo langu aliuliza, "Mwanangu, nipake na hapa panapotoa maji?" Nilimwambia hapana, mama, hapo paone daktari kwanza. Ngozi inayotoa maji, yenye ganda la rangi ya njano, yenye usaha, joto au maumivu yanayopanda mkononi, huenda tayari imeambukizwa, na kuifunika kwa nta ni kuificha tu. Mgonjwa mwenye dalili hizo, hasa akiwa na homa, anahitaji kupimwa na huenda akahitaji antibayotiki ya kumeza. Asiye na dalili hizo haihitaji. Mapitio ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima ushahidi wa tiba, yaliyochapishwa mwaka 2019, yaliyokusanya majaribio 41 ya tiba za kupunguza stafilokoka kwa wagonjwa wa ukurutu, hayakuona faida kubwa ya kuwapa antibayotiki wagonjwa wasio na maambukizi ya wazi. Na kila antibayotiki inayopakwa bila sababu humfundisha bakteria kuishinda.

Hilo linanifikisha kwenye krimu za mchanganyiko ambazo mtu hupewa dukani bila hata mkono wake kutazamwa: ndani ya tyubu moja mna steroidi kali, antibayotiki na dawa ya fangasi. Zinapoza haraka, na ndiyo maana zinapendwa. Steroidi ya kupaka, ikiandikwa na daktari kwa nguvu na muda unaofaa, ni tiba halali ya ukurutu wa mikono, nami niliitumia kwa muda mfupi mwanzoni mwa kiangazi kabla ya kubaki na mafuta peke yake. Tena kwa kutuliza uvimbe, humpunguza stafilokoka hata bila antibayotiki kuwemo. Lakini kuipaka miezi na miezi bila usimamizi hufanya ngozi iwe nyembamba, na kama ugonjwa ulikuwa fangasi tangu mwanzo, huenea chini kwa chini huku juu ukionekana kupona. Mwenye ukurutu wa mkono mmoja tu, wenye magamba makavu, apimwe fangasi kwanza. Kukwangua magamba na kuyaangalia kwa hadubini ni kazi ndogo. Nchi yetu ina kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi pale hospitali ya KCMC, Moshi, kilichoanza mwaka 1992, na wataalamu waliopitia huko wanapatikana katika mikoa mingi, kwa hiyo inafaa kuuliza hospitali ya mkoa kama yupo.

Kuhusu bei, sina budi kusema ukweli ambao wauzaji wa asali hawataufurahia. Mafuta ya mgando ya kawaida, yasiyo na manukato, huzuia upotevu wa maji kwenye ngozi kuliko karibu kitu kingine chochote, hayana gundi ya nyuki, na kwa shilingi zilezile unapata kopo kubwa mara kadhaa. Mwenye kipato kidogo ayanunue hayo bila kujiona amekosa kitu. Mafuta ya nta yanayazidi kwa kung'ang'ania: hayatoki upesi kwenye shuka wala kwa maji ya mara ya kwanza, na kwa nyufa za vidoleni hilo ni jambo kubwa. Nayaheshimu pia kwa sababu fedha yake inarudi kwa wafugaji nyuki wa Sikonge na Urambo, ambao nta yao kwa miaka mingi imekuwa ikiuzwa kama mali ghafi tu. Aina zote mbili zina hatari moja isiyosemwa: nguo, soksi na shuka zilizoloa mafuta hushika moto upesi, kwa hiyo asilale nazo mtu aliye karibu na kibatari au jiko la mkaa.

Watengenezaji nawaomba mambo machache. Wayeyushe nta na kuichuja kwa kitambaa kizito zaidi ya mara moja mpaka chembe za kahawia ziishe, na kama gundi imeachwa kwa makusudi, iandikwe kwenye kibandiko. Asali iondolewe, au iuzwe peke yake ambako ina thamani yake. Kila kopo liambatane na kijiti cha kuchotea, kwa sababu mafuta yasiyo na maji hayaozi kirahisi, lakini vidole vilivyolowa vinavyochovywa humo kila usiku huingiza maji na bakteria walewale tunaowakimbia. Na maneno yale ya kuua bakteria yafutwe, pawekwe maneno ya kweli: hulainisha na kulinda ngozi iliyopasuka, hayafai kwa kidonda kinachotoa maji. Kopo lisilo na manukato kwa kawaida halipangwi mbele dukani, kwa hiyo mwombe muuzaji akutafutie nyuma ya yale ya waridi, na ulifungue kabla ya kulipa ili uone kama nta yake imechujwa.